Majani ya pilipili yanageuka manjano? Angalia yalipoanzia kabla hujashika mbolea

Kwanza kabisa nakuomba weka mbolea pembeni, usiitumie bado. Najua ukiona pilipili au hoho yako imeanza kupauka mkono unakimbilia urea au CAN, zile mbolea za naitrojeni, ndo tulivyofundishana wengi, jani likiwa manjano basi mmea una njaa. Na kuna wakati ni kweli una njaa. Ila mara nyingi sana chakula kipo pale pale kwenye udongo, shida ni kwamba mmea haukipati, labda maji yamezidi, labda mizizi imeoza, labda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) imekaa vibaya, labda kirutubisho kimoja kimewekwa kingi mpaka kinamzibia mwenzake njia. Ukimwaga mbolea hapo unauongezea mmea mzigo.

Mi nilipoteza hoho nne kwa mtindo huo. Zilikuwa kwenye ndoo, zimenawiri vizuri tu, alafu ndani ya wiki mbili majani ya chini yote yakapauka, nikasema hii naitrojeni, nikaweka CAN nikamwagilia maji ya kutosha iyeyuke. Siku tatu mbele majani yamelegea, udongo umelowa chapachapa lakini mmea umelala kama una kiu. Nilipochomoa mmoja ndo nikaelewa: mizizi ya chini imekuwa ya kahawia, ukiivuta kwa vidole ngozi inavuka inabaki kamba nyembamba ya katikati, na harufu ni ya tope lililooza. Matundu ya ndoo yalikuwa yameziba. Naitrojeni kweli ilikuwa imepungua kwenye majani, ila ni kwa sababu mizizi ya kuinyonya haikuwepo tena. Tangu hapo sigusi mbolea kabla sijapita hatua hizi, na nakushauri uzipite kwa mpangilio huu huu usiruke.

Hatua ya 1: chek maji, mizizi na wadudu

Ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kama kuna majimaji na mara ya mwisho ulimwagilia juzi, acha kumwagilia, subiri ukauke kidogo, usitafute mbolea yoyote kwa sasa. Kama mmea uko kwenye ndoo au kopo angalia matundu ya chini yanatoa maji au vipi, na ukiweza utoe na bonge lake uone mizizi. Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya krimu na inashika udongo. Ukikuta vivimbe vivimbe kama shanga zilizotungwa hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi, na mmea wenye minyoo fundo unapauka na kudumaa vile vile kama wenye njaa, utaulisha msimu mzima usione tofauti.

Alafu geuza majani machanga uangalie mgongoni. Hapa watu wengi sana wanadanganyika, wanaona kilele kimejikunja wanasema kalsiamu imekosekana kumbe ni wadudu. Thripsi, wale wadudu wadogo wembamba, wanafanya jani lijikunje kuelekea juu kama mashua, utitiri unalikunja kuelekea chini kama mtumbwi uliopinduliwa, na kuna utitiri mmoja mdogo sana usioonekana kwa macho matupu, huo unafanya majani ya kileleni yawe membamba, magumu, na mgongoni yanang'aa rangi ya shaba. Lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi inasaidia mno, kama unayo itumie, kama huna hata kamera ya simu ukisogeza karibu ukavuta picha unapata kitu.

Virusi navyo vinafanana na njaa ila kuna namna ya kuvitofautisha. Njaa inakaa sawia, nusu ya kushoto ya jani inafanana na nusu ya kulia, na miche jirani inayokula udongo mmoja nayo inaanza kuonyesha dalili ile ile. Virusi vinakaa ovyo: baka la kijani iliyokolea hapa, baka la kijani mpauko pale, jani limepinda upande mmoja, mche mmoja unaumwa na wa pembeni yake mzima kabisa.

Na yapo mambo ambayo sio ugonjwa. Yale majani mawili ya kwanza kabisa yaliyotoka na mbegu yakigeuka manjano yakaanguka, acha, kazi yake imeisha. Pilipili nyingi pia zina rangi ya zambarau kwenye vifundo vya shina, hiyo ni mbegu yake tu, usiihesabu.

Hatua ya 2: umanjano umeanzia juu au chini?

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, ukiishika hii nusu ya kazi umemaliza.

Viko virutubisho ambavyo mmea ukiishiwa unaweza kuvitoa kwenye majani makongwe ukavipeleka kwenye majani machanga. Jani kongwe linajinyima ili kichanga kile. Hivyo ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Vikipungua, wa kwanza kuumia ni majani ya chini. Viko vingine vikishakaa kwenye jani havitoki tena, hasa kalsiamu, chuma, boroni na manganizi, hivi vikipungua majani ya zamani yanabaki mazuri tu ya kijani na shida inatokea kule juu kwenye majani yanayozaliwa sasa. Salfa, zinki na shaba ziko katikati, zinahama kwa shida, kwa hiyo mara nyingi nazo utazionea juu.

Simama mbele ya mmea, usiinamie jani moja kwanza. Utazame wote kuanzia chini hadi kileleni, sema kwa sauti kama unataka: chini mbaya juu nzuri, au chini nzuri juu mbaya. Kama mmea mzima umepauka sawasawa juu mpaka chini ujue ama naitrojeni imeisha muda mrefu ukachelewa kuona, ama salfa, ama tatizo ni la mizizi, rudi hatua ya 1.

Fanya hivyo mchana kwenye mwanga wa kawaida. Jua la jioni linafanya kila jani lionekane la dhahabu, na taa za ndani nazo zinadanganya.

Hatua ya 3: soma mchoro wa jani

Chuma jani moja linaloumwa, sio lile lililokufa kabisa, chagua la katikati ya ugonjwa. Liinue kwenye mwanga uone mishipa yake. Swali ni moja: mishipa nayo imegeuka manjano, au imebaki kijani?

*Ukiwa umeona shida iko chini:*

Naitrojeni: jani lote linapauka pamoja na mishipa yake, linaanza kijani mpauko, linakuwa manjano kama limau, linadondoka ukiligusa. Mmea unakuwa mwembamba, majani mapya madogo, maua machache. Sababu kubwa ukiacha mbolea kuisha ni mvua au kumwagilia kwingi kunakoisomba, na nyingine watu hawaifikirii, umechanganya maranda ya mbao au majani makavu mengi ndani ya udongo. Vijidudu vinavyoozesha yale maranda vinaila naitrojeni yote kabla mizizi haijaonja. Maranda yakikaa juu kama matandazo haina neno, shida ni ukiyafukia.

Magnesiamu: hii mimi naiona ndo inayochanganywa sana na naitrojeni, na ndo maana nakusisitizia uangalie mishipa. Jani la chini linakuwa manjano katikati ya mishipa lakini mishipa yenyewe inabaki kijani, ukilinyoosha kwenye mwanga unaona kama mfupa wa samaki wa kijani umelala kwenye jani la manjano. Mara nyingi inatokea mmea ukishabeba matunda, wiki chache kabla ulikuwa safi. Na sikiliza hapa, inaweza kuletwa na mbolea yenyewe: potasiamu ikizidi, au kalsiamu ikizidi, magnesiamu inakosa nafasi ya kuingia kwenye mzizi. Aliyemwaga majivu, ambayo yana potasiamu na kalsiamu, kila wiki akitafuta matunda makubwa anaweza kuishia hapa.

Potasiamu: angalia ukingo. Jani kongwe linaanza manjano pembeni kabisa, alafu ukingo unakauka kahawia kama limepitishwa kwenye moto, katikati bado kijani. Matunda yanakuwa madogo, ngozi nyembamba. Hoho ikishabeba inakula potasiamu nyingi sana kwa hiyo dalili zinatokea wakati huo huo na za magnesiamu, na unaweza kukuta zote mbili kwenye mche mmoja. Tofauti iko hapo: magnesiamu inaanzia katikati ya mishipa, potasiamu inaanzia ukingoni. Ila angalizo, ncha na kingo za majani zinaungua pia chumvi ya mbolea ikizidi. Kama juu ya udongo kuna ukoko mweupe na umekuwa ukitia mbolea mara kwa mara, huna upungufu, una ziada.

Fosforasi: mmea umedumaa, kijani iliyokolea isiyo na mng'ao, mgongo wa majani na mishipa vinakuwa zambarau, maua yanachelewa. Kwa miche midogo sababu ya kawaida ni baridi kwenye udongo, ukishuka chini ya kama nyuzi 15 mizizi ya pilipili inashindwa kunyonya fosforasi hata kama imejaa. Hapo DAP, mbolea ya fosforasi, haisaidii, joto ndo dawa.

*Ukiwa umeona shida iko juu:*

Chuma: majani ya kileleni yanatoka manjano, mishipa imebaki kijani kama uzi mwembamba umechorwa kwa kalamu, ikizidi jani linakuwa karibu jeupe. Usichanganye na magnesiamu, mchoro unakaribia kufanana ila magnesiamu iko chini na chuma iko juu, ndo maana hatua ya 2 inakuja kabla ya hii. Udongo kukosa chuma ni nadra sana. Mara nyingi pH imepanda juu ya 7, au chokaa imezidi, au udongo umejaa maji hauna hewa. Ukinyunyuzia chuma kwenye majani, siku chache baadaye utaona madoa ya kijani pale matone yalipotua, jani limekuwa kama chui, na hapo unakuwa na uhakika umegonga penyewe.

Manganizi inafanana na chuma ila mipaka haiko kali, ni kama vumbi la manjano katikati ya mishipa. Zinki inafanya majani mapya yawe madogo na pingili fupi, kilele kinasongamana. Salfa ni kama naitrojeni iliyohamia juu, jani changa lote limepauka na mishipa yake. Boroni ikikosekana kilele kinakufa, majani yanakatika kama karatasi kavu na maua yanadondoka, lakini tafadhali usikimbilie boroni kwa sababu maua yamedondoka, maana joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi na usiku ukabaki na joto pia, pilipili inadondosha maua yenyewe hata ikiwa imeshiba kabisa. Na boroni ikizidi kidogo tu inageuka sumu.

*Ukiwa umeona shida iko kwenye tunda:*

Hapa ni kalsiamu, na ntakaa hapa kidogo kwa sababu watu wanapoteza matunda mengi bure. Kuoza kitako kunaanza na doa dogo kama limelowa maji karibu na kitako cha tunda, kwenye hoho mara nyingi ni ubavuni kwa chini. Baada ya siku kadhaa linabonyea, linakuwa rangi ya karatasi ya kaki, ukiligusa ni kavu kama ngozi ya kiatu. Baadaye ukungu mweusi unaingia juu yake na watu wanadhani ni ugonjwa wa fangasi wanapiga dawa. Kama doa ni jeupe na liko ule upande unaotazama jua, hilo ni jua limeunguza, kalsiamu haihusiki, tunda linahitaji majani ya kulifunika.

Sasa kalsiamu inapanda pamoja na maji tu. Maji yanaenda kwa wingi yanakotoka mvuke, yaani kwenye majani, tunda lenyewe halitoi mvuke mwingi kwa hiyo linapata kidogo. Ukimwagilia leo sana alafu ukaacha siku nne udongo ukakauka, tunda linalokua kwa kasi linakosa kalsiamu kwa siku zile nne na kitako kinaharibika, hata kama udongo wako umejaa chokaa. Na naitrojeni nyingi inaongeza shida kwa sababu majani yanakuwa mengi yanavuta maji yote upande wao. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni maji ya kulingana, kidogo kidogo bila kuruka, na matandazo juu ya udongo. Kunyunyuzia kalsiamu kwenye majani hakusaidii sana tunda, maana ikishaingia kwenye jani haitoki. Matunda yaliyoharibika yang'oe tu, hayaponi.

Hatua ya 4: pima pH

Pilipili inataka pH ya kama 6.0 mpaka 6.8. Chini ya 5.5 inakosa kalsiamu, magnesiamu na fosforasi, juu ya 7 inakosa chuma, manganizi na zinki. Chukua udongo kutoka sehemu kama tano kwenye kina cha mizizi, changanya, weka kwenye kikombe safi, tia maji yaliyotoneshwa (distilled), koroga, acha nusu saa, alafu pima kwa karatasi za kupimia au kwa mashine. Usitumie maji ya bomba, yana pH yake yataharibu jibu.

Udongo ukiwa na uchachu (pH ya chini) weka chokaa, ukiwa na magnesiamu ndogo pia chagua chokaa ya dolomiti maana inabeba vyote viwili. Chokaa inafanya kazi taratibu kwa miezi, sio wiki. Udongo ukiwa pH ya juu acha majivu na chokaa mara moja, ongeza mboji.

Hatua ya 5: jaribu kwenye miche miwili mitatu

Usitibu shamba zima kwa kubahatisha. Chagua miche mitatu inayofanana, ifunge uzi uitambue, itibu hiyo tu, iliyobaki iache. Subiri siku 7 mpaka 10. Hii subira ndo ngumu, lakini ukichanganya vitu vitatu kwa siku moja, mmea ukipona hujui kilichoponyesha na ukifa hujui kilichoua.

Dozi ninazotumia mimi:

Naitrojeni, urea gramu 5 kwa lita 1 ya maji kunyunyuzia majani, au CAN kijiko cha chai kisichojaa kwa mche mkubwa, ukiizungushia kama sentimita 10 kutoka kwenye shina, udongo uwe na unyevu tayari. Isiguse shina.

Magnesiamu, chumvi ya Epsom gramu 10 kwa lita 1, nyunyuzia, rudia baada ya wiki, mara mbili au tatu zinatosha.

Potasiamu, tumia ile ya salfeti kama unaipata, ya kloraidi inaongeza chumvi na pilipili haivumilii chumvi sana.

Chuma, tafuta cha cheleti, yaani kilichofungwa kwa kemikali ili kisigandie kwenye udongo. Kwenye pakiti angalia aina ya cheleti iliyoandikwa, EDTA inaanza kushindwa pH ikipita 6.5 hivi, kwa udongo wa pH ya juu unataka EDDHA, hiyo inawekwa kwenye udongo. Kipimo fuata cha kwenye pakiti.

Yote ya majani pulizia jioni jua likiwa limeshuka, mchana inaunguza. Na mmea wenye kiu umwagilie kwanza, kesho yake ndo unyunyuzie.

Kama uligundua ni ziada ya chumvi kwenye ndoo, usiweke chochote, pitisha maji safi mengi, mara mbili mpaka tatu ya ujazo wa ndoo, yatoke chini yaende zake. Alafu pumzisha mbolea wiki mbili.

Hatua ya 6: angalia jani sahihi

Wengi wanakata tamaa hapa kwa kuangalia jani lile lile la zamani wanasubiri lirudi kijani. Lenye ukingo uliokauka halirudi, la manjano kabisa kwa naitrojeni halirudi, la magnesiamu linaweza kurudi kidogo. Angalia majani yanayotoka baada ya tiba. Funga uzi kwenye jani changa kabisa siku unayoanza, kila litakalotoka juu ya uzi ndo ripoti yako. Yakitoka ya kijani, mapana, yamenyooka, endelea na miche mingine. Yakitoka na mchoro ule ule baada ya siku 10, acha hiyo tiba usiongeze dozi, rudi kwenye mizizi na pH.

Majani makongwe ya manjano usiyakate yote siku moja, mmea bado unahamisha chakula kutoka kwenye hayo. Yakiwa tayari kuanguka yanatoka yenyewe ukiyagusa kwa kidole.